Sura ya Nne: Mwanga wa Dakika ya Tisini

Mechi ya mchangani hutangazwa saa kumi jioni na kuanza saa kumi na nusu. Mgeni rasmi kachelewa, chokaa ya mistari haijamwagwa, au timu moja bado inabishana kuhusu jezi. Kipindi cha kwanza huchezwa kwenye jua jeupe, na hapo kamera yoyote, hata ile ya bei ya chini kabisa dukani, hutoa picha za kuridhisha. Kisha jua linashuka nyuma ya mapaa. Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, jua huzama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta halikawii: dakika 20 na kitu baadaye giza limeshaingia. Kama mechi ni ya mtoano na imekwisha kwa sare, matuta yatapigwa ndani ya dakika hizo hizo. Penalti ya mwisho, kipa aliyeruka upande sahihi, mashabiki waliovamia uwanja: picha ambazo kila mtu atakuomba kesho yake hutokea wakati kamera yako inaona vibaya kuliko wakati wote wa mchezo.

Kwa hiyo sitaanza na majina ya kamera. Kamera ya michezo huchaguliwa kwa maswali mawili: mchezo unachezwa saa ngapi, na wewe utaruhusiwa kusimama wapi. Fedha ni swali la tatu, na nimeona watu wenye fedha nyingi wakilijibu la tatu kabla ya yale mawili, wakarudi nyumbani na lenzi ndefu ya gharama iliyogeuka kipofu kuanzia saa kumi na mbili kasoro.

Tuanze na mwendo. Mkimbiaji wa mbio fupi huenda karibu mita 10 kwa sekunde. Shata ikibaki wazi kwa 1/100 ya sekunde, mwili wake utakuwa umesogea sentimita 10 wakati picha inaandikwa, na uso wake utatoka kama mchirizi wa rangi. Kwa 1/500 anasogea sentimita 2. Kwa 1/1000, sentimita 1. Huo ni mwili tu. Mguu unaokwenda kupiga mpira una kasi kuliko kiuno kinachoubeba, na mpira wenyewe ukipigwa kwa kilomita 100 kwa saa husafiri karibu sentimita 3 ndani ya hiyo 1/1000. Kwa soka, basi, fanya 1/1000 kuwa mahali pa kuanzia, 1/2000 ukiwa na jua la kutosha, na 1/500 kuwa sakafu ambayo hushuki chini yake ila kwa dhiki. Magari ni habari nyingine. Ukiwa Naivasha kwenye Safari Rally, gari lililogandishwa kwa 1/2000 huonekana limeegeshwa. Hapo shusha hadi 1/250, lifuate gari kwa kuzungusha kiuno, magurudumu yazunguke pichani na vumbi liburuzike nyuma yake.

Shata ya kasi hula mwanga, na mwanga unaokosekana lazima upatikane kwingine. Pa kuupata ni pawili tu: tundu la lenzi, linaloandikwa kwa herufi f na namba, na ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza ule mwanga kidogo ilioupata. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara nne ya lenzi ya f/5.6, na tofauti hii ndiyo inayofanya lenzi mbili zinazovuta umbali ule ule ziachane bei vibaya sana.

Tuiweke kwenye mechi yetu. Kipindi cha kwanza, jua likiwaka: f/5.6, 1/1600, ISO 200. Mwenye lenzi ya bei rahisi na mwenye lenzi ya bei mbaya wako sawa kabisa. Jua likishazama, yule wa f/5.6 anahitaji takriban ISO 3200 ili abaki kwenye 1/1000, na yule wa f/2.8 anahitaji 800 tu. Wakihamia kwenye uwanja wa mtaa wenye taa chache juu ya nguzo, wa kwanza anaweza kufika ISO 12800 wakati mwenzake yuko 3200. Ukuzaji huo hulipiwa kwa chengachenga, zile punje zinazotapakaa kwenye vivuli na kula rangi za jezi. Kamera za miaka kumi iliyopita huvumilia 3200 bila taabu. Kwa 12800 nyingi hutoa kitu cha kuwekwa WhatsApp, si cha kuchapwa ukutani. Hata hivyo, ukilazimika kuchagua kati ya chengachenga na picha iliyovurugika kwa mwendo, chukua chengachenga. Picha yenye punje lakini yenye macho ya mchezaji yanayoonekana inatumika gazetini. Iliyovurugika haina matumizi, hata iwe safi vipi.

Sasa swali la mahali. Uwanja kamili wa soka una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Chukua lenzi ya milimita 200 kwenye kamera yenye kihisi kidogo, ile saizi inayoitwa APS-C, na mchezaji mwenye kimo cha mita 1.8. Akiwa mita 20 kutoka kwako, ukiisimamisha kamera wima, anaijaza fremu karibu yote. Mita 40, kamera ikiwa imelala, anachukua zaidi kidogo ya nusu ya kimo cha picha. Mita 60 amebaki asilimia 40, na ukikata picha ili kumsogeza utaanza kuziona zile chengachenga kwa ukubwa wake halisi. Maana yake ni kwamba 200 inakupa kama mita 40 za kazi. Kaa nyuma ya mstari wa goli, kati ya mlingoti na kibendera cha kona, upande inakoshambulia timu unayoifuata. Nusu ya uwanja iliyo mbali si yako. Iache. Anayeanza hujichosha akikimbizana na mpira uwanja mzima, na kila picha anayotoka nayo ni mgongo wa mtu.

Kihisi kidogo, kwa njia, ni rafiki wa mwenye mfuko mwepesi. Kwa kuwa kinapokea sehemu ya katikati tu ya kile lenzi inachokiona, lenzi ya 200 hutoa picha ambayo kwenye kamera ya kihisi kikubwa ungehitaji lenzi ya 300 au 320 kuipata. Kamera za kihisi kikubwa hushinda usiku, hilo halina ubishi, lakini lenzi zake ndefu ni ghali na nzito. Kwa kuanzia, sioni sababu ya kuzifuata.

Kuhusu mahali kuna ushahidi mmoja ambao wapiga picha wa michezo hawachoki kuutaja. Tarehe 25 Mei 1965, mjini Lewiston katika jimbo la Maine nchini Marekani, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza na kusimama juu yake akifoka, mkono umekunjwa kifuani. Neil Leifer, kijana wa miaka 22, alikuwa upande ambao Ali aligeukia. Kamera yake ilikuwa Rolleiflex, haina zumu, haina fokasi ya kujiendesha, na taa kubwa alizozifunga juu ya ulingo zilihitaji muda kujaa umeme upya kila baada ya mwako mmoja. Alikuwa na nafasi ya fremu moja. Itazame picha hiyo vizuri, utamwona mpiga picha mwingine kati ya miguu ya Ali, upande wa pili wa ulingo: Herb Scharfman, mtu mzoefu kuliko Leifer, akiwa na kamera mkononi na mgongo wa Ali mbele yake. Wote wawili walikuwa na vifaa. Leifer mwenyewe amekuwa akikiri kwamba upande ule ulikuwa bahati yake.

Turudi dukani, kwenye lenzi. Huku ndiko fedha nyingi iende. Mimi humwambia kila anayeuliza atenge theluthi mbili kwa lenzi na theluthi moja kwa bodi, na wengi hufanya kinyume kwa sababu bodi ndiyo yenye jina la kutambia.

Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera ina kazi yake: mashabiki, benchi, kombe likinyanyuliwa. Ibaki begani. Ya kuogopwa ni ile ya pili ambayo muuzaji hupenda kuifunga kwenye kifurushi, Canon EF 75-300. Kwenye karatasi 300 inapendeza. Uwanjani fokasi yake inasuasua, ncha ya 300 haina makali, na haina kitulizi cha mtikisiko. Kwa fedha isiyotofautiana sana utapata EF-S 55-250 STM ya mwaka 2013, nyepesi, kali, yenye fokasi ya haraka na kimya. Nayo inafika f/5.6 kwenye ncha, kwa hiyo ni lenzi ya mchana, ila ni lenzi ya mchana ya kweli. Kwa Nikon, 70-300 za mfululizo wa AF-P zinasimama mahali hapo hapo, mradi uhakikishe kwanza kwamba bodi yako inaelewana nazo, kwa kuwa bodi za zamani za Nikon hazielewani na AF-P.

Juu ya hizo inakuja 70-200. Toleo la Canon la f/4 lisilo na kitulizi lina uzito wa gramu 705 tu, na lililotumika hupatikana kwa bei ya kibinadamu. Toleo la f/2.8 ndilo utakaloliona mikononi mwa kila mtu aliyevaa kizibao cha wapiga picha Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga. Lina karibu kilo moja na nusu, na bei yake inaumiza hata likiwa limetumika. Sigma na Tamron wana matoleo yao ya f/2.8 yanayofaa bodi za Canon na Nikon, na sioni aibu yoyote kuyanunua. Kitulizi cha mtikisiko usikilipie sana: kinatuliza mkono wako, hakimtulizi winga.

Kuna njia ya pembeni ambayo wengi hawaijui, nayo ni lenzi zisizo na zumu. EF 200 f/2.8L II ya mwaka 1996 ina gramu 765, fokasi yake ni ya haraka, na kwa kuwa haina zumu watu huiruka, bei ikashuka. Mwenye kukaa sehemu moja nyuma ya goli anapoteza nini kwa kukosa zumu? Krosi ikidondoka mita 10 mbele yake, ndiyo, ataikosa. Matuta ya saa kumi na mbili na nusu atayapata. Ndugu yake mdogo, 85 f/1.8, iwe ya Canon au ya Nikon, ndiyo lenzi ninayoipenda kuliko zote kwa anayeanza na mpira wa kikapu. Ukikaa chini ya mstari wa mwisho, mchezaji anayeelekea kwenye kikapu anakujia mwenyewe, na f/1.8 inapitisha mwanga mara mbili na zaidi kuliko f/2.8. Kwa ngumi, pale unapoweza kuegemea ulingo wenyewe, 50 f/1.8 inatosha, na hiyo ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko karibu zote walizotengeneza.

Jihadhari na mtego mmoja wa Nikon. Bodi zake za chini, mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi ndani. Ukizifunga lenzi za zamani za AF na AF-D, kama ile 180 f/2.8 nzuri ajabu, utabaki kuzungusha kwa mkono. D7200, D7500 na D500 zina mota. Muuzaji hatakuambia, na huenda hajui.

Bodi, basi. Megapikseli zisahau; 20 zinatosha na 24 zinatosha. Angalia kwanza fokasi inayofuata kitu kinachotembea, pili fremu kwa sekunde, tatu kumbukumbu ya ndani. Canon 4000D na 2000D hupiga fremu 3 kwa sekunde na zina pointi 9 za fokasi. Utapata picha nazo, lakini kati ya fremu na fremu mpira umeshafika wavuni. 70D na 80D zinatoa fremu 7, D7200 inatoa 6, D7500 inatoa 8. Tabaka la juu ni Canon 7D Mark II ya 2014 na Nikon D500 ya 2016, zote fremu 10, zote zimejengwa kwa ajili ya kazi hii hasa, D500 ikiwa bora wazi wazi gizani. Kwa kuwa makampuni yamehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, bei ya hizi za kioo imeporomoka, na mimi ningemshauri kijana wa Temeke au Kayole aingilie mlango huo bila kuona haya.

Mwenye uwezo wa kununua mpya aiangalie Canon R10 ya 2022. Inapiga fremu 15 kwa shata ya kawaida, inatambua jicho la mchezaji na kulifuata yenyewe, na kwa adapta inakubali lenzi zote za EF nilizozitaja. Adapta hiyo inafanya kazi vizuri mno, kwa hiyo usikimbilie lenzi mpya za RF kabla hujapiga hesabu. RF 100-400 ni nyepesi na kali, lakini kwenye ncha yake ni f/8: saa kumi jioni ni raha tupu, saa kumi na mbili imekufa. Sony a6400 ina fokasi nzuri vilevile. Tatizo lake ni kwamba lenzi ndefu za Sony zenye f/2.8 zitamaliza akiba yako.

Ukiona kamera inajisifu fremu 23 au 30 kwa sekunde, uliza kama ni kwa shata ya kielektroniki. Kihisi cha kamera za bei ya kati husomwa mstari kwa mstari, na kitu chenye kasi husogea kabla usomaji haujaisha. Mpira hutoka umbo la yai, fimbo ya magongo hupinda. Baki kwenye shata ya kawaida. Na kumbukumbu ya ndani ni kama ndoo yenye tundu chini ya bomba lililofunguliwa: ikijaa, kamera inasimama ikisubiri kadi imeze. Ndiyo maana kadi ya bei ya kutupa huharibu kamera ya fremu 10. Nunua kadi yenye alama ya V30 kwenda juu, na piga JPEG badala ya RAW mpaka utakapokuwa na sababu ya kubadili.

Taa za ukumbini zina ujanja wao. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, shata ya 1/1000 inaona. Fremu moja inatoka nyeupe, ya pili ya njano na giza nusu, ya tatu sawa. Watu huipeleka kamera kwa fundi. Haina ubovu wowote: 7D Mark II ndiyo iliyokuwa kamera ya kwanza ya Canon kuwekewa kipimo kinachosubiri kilele cha mwanga ndipo ipige, na 80D, R10, D7500 na D500 nazo zinacho. Kiwashe kwenye menyu, huja kikiwa kimezimwa. Kama unapanga kupiga ngumi na kikapu zaidi ya soka, kipengele hiki peke yake kinatosha kukufanya uiruke 70D, ambayo haina.

Kununua kilichotumika kunataka macho. Kariakoo au Luthuli Avenue utakutana na bidhaa zilizopitia Dubai, safi kwa nje. Shata ina umri: 7D Mark II na D500 zimekadiriwa mipigo 200,000, na bodi za chini karibu nusu ya hapo. Kwa Nikon, piga picha moja ya JPEG, ifungue kwenye programu inayosoma taarifa za picha, idadi ya mipigo imo. Kwa Canon nyingi utahitaji kompyuta na waya. Lenzi imulike kwa tochi kutokea nyuma huku ukichungulia mbele: vumbi kidogo si neno, lakini ukiona nyuzi nyeupe zilizotambaa kama mizizi, hiyo ni kuvu, na kwa sisi wa pwani ya joto na unyevu, kutoka Tanga hadi Unguja, kuvu iliyoanza haisimami. Iache hata kwa nusu bei. Yako ihifadhi kwenye boksi lisiloingiza hewa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu.

Kabla ya kulipa, omba kutoka nje ya duka na kamera ikiwa na lenzi hiyo hiyo unayoitaka, mkanda ukiwa shingoni na mwenzako pembeni. Weka fokasi ya kufuata, AI Servo kwa Canon za kioo, Servo AF kwa R10, AF-C kwa Nikon na Sony. Shata 1/1000. Chagua bodaboda inayokuja moja kwa moja upande wako, ishike tangu mbali, bonyeza bila kuachia mpaka ikupite. Kisha rudi kwenye kioo, kuza kila fremu na utazame uso wa dereva. Saba kati ya kumi zikiwa kali, vifaa hivyo vinafaa. Zikiwa mbili, rudia na bodaboda nyingine ukiwa umetuliza mkono. Zikibaki mbili, au mwenye duka akikataa usitoke nje, maduka ni mengi mtaani humo.